Kwikwi ya Koplo Gaudensi

Siku ya arobaini yake, Koplo Gaudensi Ngonyani alifika nyumbani kabla pombe haijachujwa.

Alifika kwa gari la jeshi, ndani ya sanduku dogo lenye ukubwa wa redio. Kapteni Malale, aliyemleta, alilibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sufuria ya maziwa yaliyojaa mpaka juu, akalitua juu ya kigoda katikati ya ua. Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele wa shughuli wakaziacha nyungo mapajani. Wanaume chini ya turubai wakanyamaza, jambo ambalo wanaume wa ukoo wa Ngonyani hawalifanyi hata kanisani.

"Uko tayari, mama?" Kapteni akauliza.

"Ningekuwa tayari, ningekuwa mama wa namna gani?" Filotea akajibu. "Washa, baba."

Taa ya sanduku ikawaka, na Gaudensi akasimama uani. Alikuwa wa mwanga mtupu, kiasi kwamba kamba ya kuanikia nguo ilionekana kupitia kifuani pake, lakini alikuwa yeye. Masikio yale yaliyochomoza kama ya sungura, kovu lile juu ya nyusi, mabega yale aliyoyarithi kwa baba yake. Na kombati ilikuwa imepigwa pasi vizuri kuliko alivyowahi kuipiga akiwa hai.

"Shikamoo, mama," kivuli kikasema.

Jamani, sauti! Filotea alikuwa amekaa siku zote zile akiitafuta sauti hiyo kichwani, na kila akiikaribia inampotea. Sasa ilikuwa mbele yake, nzima, na mkwaruzo wake wa asubuhi. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, khanga na yote.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, baba yangu. Umekula?"

"Sihitaji chakula, mama. Usiwe na wasiwasi juu yangu."

"Uliumia sana?"

"Nilitimiza wajibu wangu, mama."

Kitu kidogo kilimkwaruza Filotea moyoni. Gaudensi, tangu alipojua kuongea, hakuwahi kuingia kwenye ua ule bila kupaza sauti kutoka njiani: "Mama, umepika nini?" Shikamoo ilikuja baadaye, mdomo ukiwa umeshajaa, na mara nyingi ilibidi ikumbushwe kwa kofi la mgongo. Lakini Filotea alikifukuza kile kitu kilichomkwaruza. Jeshi limemfunza adabu, akajiambia. Mtu aliyefiwa hachagui.

Kapteni Malale akachuchumaa kando yake. Alikuwa kijana bado, mpole, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu anayefanya kazi ambayo hawezi kuisimulia nyumbani.

Kila askari wa Shirikisho, siku ya kiapo, hutiwa punje nyuma ya sikio. Ni kidude kidogo kama mbegu ya ulezi. Punje hiyo inasikiliza damu inavyokwenda mbio, inashika sauti na sura, inashika hata maneno ambayo mtu hujisemea moyoni. Askari akifa, punje hutolewa na kupelekwa Idara ya Vivuli, na huko huoteshwa. Kinachoota ndicho kivuli. Kinaona, kinasikia, kinajibu. Vivuli vya mashujaa hupelekwa kambini kuwafunza makuruta, na huko havizeeki wala havistaafu. Ila kwanza hupepetwa. Hofu yote hutolewa, kama makapi.

"Nishani ya Ngao ni yake tayari, mama," Kapteni alisema, akamwonyesha kikasha chekundu. "Hiyo hakuna wa kuiondoa. Kule bwawani alikofia, gari liliwaka moto. Alimtoa mwenzake, akarudi akamtoa wa pili. Wa pili alitoka, yeye hakutoka. Sasa tunachoomba ni kivuli chake. Ukisema 'naridhia' mbele ya mashahidi, kitasimama kambini maisha yote. Na wewe, mwezi hata mwezi, utaletewa gari uende kuongea naye."

"Na nisiposema?"

"Sheria hairuhusi punje ibaki uraiani. Itateketezwa leo hii, jua likiwa juu."

"Mama Gau!" Otmari, shemeji yake, alikuwa ameshasimama chini ya turubai. Alivaa koti la harusi yake, ambalo lilikuwa limeshamkataa tumboni. "Kuna cha kufikiri hapo? Jina la Ngonyani litasimama kambini mpaka kiama! Sema neno moja tu, tule wali!"

Filotea akakitazama kivuli. Kivuli kikamtazama, kwa utulivu mkubwa. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Mwezi hata mwezi ataisikia sauti hii. Mama gani angekataa?

Akafungua mdomo.

"Kamweneeee, waoga wa Songea!"

Wote wakaigeukia salamu hiyo ya Kihehe. Bi Luvanda alikuwa akiingia kwa kuchechemea, kigongo mkono mmoja na bata mzinga kwapani, khanga imemkaa upande.

Kwa asiyejua: Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani akija msibani haji kulia. Anakuja kumsema marehemu, kuvaa nguo zake, kuigiza mwendo wake, na kuteka kitu cha wafiwa mpaka wamkomboe. Kumkasirikia ni aibu ya ukoo mzima. Bi Luvanda, Mhehe aliyeolewa kijiji hicho miaka mingi, siku ya maziko alikuwa kwao Iringa akitibiwa goti. Utani wake wote wa msiba ule ulikuwa bado uko tumboni.

"Nasikia mnagawa nishani za ushujaa!" akasema. "Kwa Mngoni? Haya, dunia imekwisha. Tulipowafukuza mpaka Ruvuma hakuna aliyegeuka hata kuchukua kiatu!" Wanaume wakaanza kuguna na kucheka. Kisha macho yake yakakiona kivuli, na kwa muda mfupi sana uso wake ukavunjika. Akaukaza. "Ahaa! Na wewe uko hapa! We Gau, kaptula yako ninayo bado. Ile uliyoiacha kwenye miiba ya ua wangu ukimkimbia bata mzinga, ukaingia kwa mama yako uchi kama siku aliyokuzaa. Unaitaka leo au kesho?"

Kila likizo alimwambia maneno hayohayo, na kila likizo Gaudensi alimjibu: "Mtani, kumbe bado hujafa? Jeneza tulishalichonga, limeanza kuliwa na mchwa!" Kisha wangecheka wote wawili mpaka Bi Luvanda ashike kiuno. Ua mzima ulikuwa ukingoja jibu hilo.

"Ahsante, bibi," kivuli kikasema. "Nguo zangu za kiraia zigawiwe wenye mahitaji."

Bi Luvanda hakucheka. Alikitazama kivuli kwa muda, akainama kwa shida, akamwachia bata mzinga. Ndege akavimba, akakunjua mkia, akakiendea kivuli kwa hasira zake zote, kulukulukulu, ndevu nyekundu zikitikisika.

Sasa, hapo kuna jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Gaudensi akiogopa alikuwa akishikwa na kwikwi. Akiwa mtoto, akisikia radi, kwikwi. Mwalimu wa hesabu akiingia darasani, kwikwi. Siku ya kuapishwa, mbele ya majenerali, alishikwa na kwikwi mpaka kofia yake ya beret ikamwangukia usoni. Na bata mzinga, hata akiwa koplo mwenye misuli, alimfanya arukie kiti na kukwikwika mpaka machozi.

Bata akapita katikati ya miguu ya mwanga. Kivuli hakikutikisika. Kilimtazama ndege, kikasema, "Huyu si tishio."

Filotea akakitazama tena kivuli. Sura ndiyo hiyo. Ndiyo sauti yenyewe. Lakini aliyekuwa ndani yake hakuwa mtoto wake.

Bi Luvanda, goti bovu na yote, alishafika kwenye kigoda. Akalinyakua sanduku, akajitupa chini nalo, akalikumbatia.

"Nimeteka!"

"Bibi!" Kapteni akaruka. "Hiyo ni mali ya jeshi!"

"Na mimi ni mali ya nani? Nipige risasi, basi, uwaambie wakubwa wako umemuua bibi kizee mwenye goti. Huyu mliyemleta ni mkuu wa wilaya. Mimi namtaka Gau wangu. Mkinipa, nawarudishia."

"Afande, msamehe," Otmari alisema, jasho likimtoka. "Ni mtani. Hatuna la kufanya, ndiyo desturi."

Kapteni Malale alisimama mikono ikining'inia. Naye kwao Usukumani walikuwa na watani, na alikumbuka siku babu yake alipozikwa, mtani alivyoingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Hakuna silaha inayofundishwa kambini kwa ajili ya jambo la namna ile. Akamgeukia Filotea, sauti chini.

"Mama, kile ambacho hakijapepetwa kimo humohumo. Lakini sikushauri. Humo mna makapi tu."

"Kapteni," Filotea akasema, "mimi nimeshika ungo tangu nina meno ya utoto. Ukipepeta kwenye upepo mkali, mchele nao unaondoka na makapi. Nionyeshe makapi ya mwanangu."

Kapteni akapiga goti mbele ya Bi Luvanda, akaingiza kidole kwenye tundu la sanduku lililokuwa bado kifuani kwake, akakizungusha.

Mwanga ukacheza. Kwanza haikuja sura. Zilikuja sauti: chuma kinalia kwa moto, mtu anaita, na moyo, moyo unakwenda mbio kama wa kuku aliyeshikwa. Na juu ya hayo yote:

"Hik!"

Ua ukashtuka kwa pamoja. Bi Luvanda akaziba mdomo.

"Hik! Mama yangu. Mama yangu wee." Ilikuwa sauti ya moyoni, ile mtu anayojisemea peke yake, na Filotea aliitambua kama anavyotambua hatua zake mlangoni. "Miguu haisogei. Kwa nini haisogei? Sajini Kivuli aliyetufunza hakutetemeka hata siku moja. Siku zote zile kambini, hata siku moja. Hik! Kwangu kuna kasoro. Nimezaliwa na kasoro, wameniandikisha kimakosa... Anaita. Yule anaita. Mtani angeniona sasa hivi angenicheka mpaka aanguke. Haya, mtani, cheka. Cheka tu, naenda. Hik! Naenda."

Na akaenda. Walisikia moto ukija karibu, mtu akikokotwa, mtu akikohoa. Walisikia pumzi zake zikikatika. Kisha ile sauti tena, ndogo zaidi: "Yupo mwingine. Mungu wangu, yupo mwingine. Siwezi. Siwezi kabisa. Hik! Haya."

Kapteni akazungusha kidole, sauti zikakoma. Hakuna mtu aliyetaka kusikia zaidi. Mwanga ukajikusanya polepole, Gaudensi akasimama uani kwa mara ya pili. Safari hii kombati ilikuwa imekunjamana, na alikuwa akitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa ghafla. Akaona nyungo, turubai, moshi wa jikoni.

"Mama," akasema. "Umepika nini?"

Filotea alilia kwa sauti, kilio ambacho hakikumtoka hata kaburini. Alitambaa kwa magoti mpaka miguuni pake, akanyoosha mikono, na mikono ikapita kwenye mwanga. Akaiacha hapohapo ndani ya mwanga.

"Wali, baba. Wali na maharage. Na mboga yako ya likolo, nimekuwekea likolo la karanga."

"Hik! Mbona watu wengi? Mama, unalia nini? Nimefanya kosa?" Bata mzinga akalia nyuma yake, Gaudensi akaruka pembeni. "Hik! Mtani! Huyo shetani wako bado hujamla tu?"

Bi Luvanda alijibu kitu, lakini kilizama kwenye machozi. Hiyo ndiyo siku pekee kijijini aliyoshindwa kumjibu Mngoni.

"Mwanangu, nisikilize," Filotea akasema. "Kwako hakuna kasoro. Unasikia? Nimekuzaa mimi, nakujua kuanzia ukucha. Hakuna kasoro."

Gaudensi akamtazama kwa shaka, kama alivyomtazama zamani akiambiwa dawa si chungu. Kisha akaiona sare ya Kapteni, akajitahidi kusimama wima.

"Afande. Hik! Samahani, afande. Naomba kuuliza. Sajini Kivuli, yule wa kambini... akiwa hai, naye aliogopa?"

Kapteni Malale akavua kofia. Aliizungusha mikononi, akaitazama ndani kama vile jibu limeshonwa humo.

"Alikuwa analia, Koplo," akasema. "Alilia kama mtoto, akimwita dada yake, huku anasonga mbele. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyempepeta."

Gaudensi akaanza kucheka, polepole kwanza, mkono mdomoni kama kawaida yake, akicheka na kukwikwika, akikwikwika na kucheka. "Kumbe! Hik! Kumbe na yeye!" Mabega yalimshuka. Filotea aliona uzito ukimtoka mwanawe, uzito ambao alikufa nao.

"Mpeleke huyu," akamwambia Kapteni. "Huyuhuyu, na kwikwi yake. Asimame kambini awaambie watoto wa wenzangu kwamba miguu hutetemeka. Huyu naridhia, tena mara mia."

"Siwezi, mama. Kivuli kinachotetemeka hakipiti getini. Ni yule wa kwanza au hakuna."

"Shemeji, chukua yule wa kwanza!" Otmari alisihi, na sasa hakuwa tena na sauti ya jina la ukoo, alikuwa analia naye. "Angalau sauti! Tusibaki mikono mitupu!"

Filotea aliwaza. Usidhani lilikuwa jambo jepesi, na asikudanganye mtu kwamba mama shujaa haumii. Aliitamani ile sauti kama mwenye homa anavyotamani maji. Angeweza kuizoea ile shikamoo. Angejifunza kuongea na mkuu wa wilaya mwezi hata mwezi, akifumba macho. Lakini akamwona kijana mwingine, wa mama mwingine, amesimama mbele ya Gaudensi asiyetetemeka, anajitazama miguu yake na kusema moyoni: kwangu kuna kasoro.

Akafuta uso kwa pindo la khanga.

"Gau, baba."

"Naam, mama."

"Ukalale sasa. Umechoka. Chakula chako nitampa mtani."

Gaudensi akaitikia kwa kichwa. Labda alielewa, labda vivuli navyo vinajua. "Msimpe minofu yote," akasema. "Wahehe hawashibi. Hik!"

"Siridhii," Filotea akasema kwa sauti ya kusikika na ua mzima. Bi Luvanda akalisukuma sanduku mbele, kwa maana fidia yake alishapewa. Kapteni akakipindua kidole kwenye lile tundu. Kulisikika mlio mdogo kama wa punje ya mahindi kwenye kikaango, na kamba ya kuanikia nguo ikabaki kamba tu.

Hakuna aliyesogea. Hata pombe ilisahauliwa. Kapteni alisimama na sanduku tupu. "Kesho nina makuruta wapya," akasema mwishowe, akiongea na kofia yake. "Vivuli havitawaambia. Nitawaambia mimi, kwa mdomo wangu. Wanifukuze wakitaka."

Ndipo Filotea akatambua kwamba Bi Luvanda hayupo. Mlango wa chumba cha Gaudensi ulikuwa wazi. Ukasikika mkwaruzo wa buti sakafuni, na mtani akatokea kizingitini, kombati ya mazoezi ya marehemu imemmeza mpaka magotini, beret imemwangukia jicho moja. Akapiga saluti ya kushoto. Bata mzinga akamwona, akavimba.

"Hik!" akasema Bi Luvanda, akarukia kigoda kwa goti lake bovu.

Kicheko kilianza kwa watoto, kikashika wanawake, kikapanda turubai. Mwendo ulikuwa wa Gaudensi, ule wa kutupa bega. Mkono mdomoni ulikuwa wake. Otmari alicheka mpaka koti likaachia kifungo. Na Filotea, ambaye hakuwa amecheka tangu habari zilipofika, alijikuta amejishika mbavu, machozi na kicheko vimekuja pamoja na hajui kipi ni kipi.

Aliinuka. Akakichukua kikasha chekundu mkononi mwa Kapteni, akaitoa Nishani ya Ngao, akaenda kwenye kigoda. Mikono ilimtetemeka, na aliiacha itetemeke. Akaibana nishani kwenye kifua cha kombati ile kubwa.

Bi Luvanda akashuka, akamtazama chini ya beret.

"Mama," akauliza, kwa mkwaruzo uleule wa asubuhi, "umepika nini?"

"Nawa mikono," Filotea akasema. "Ingia ndani ule."